Rangi haijabanduka popote, mbona vumbi la dirishani lina madini ya risasi?

Hamjambo washauri,

Nina nyumba ya familia mbili hapa New Jersey, iliyojengwa mwaka 1926. Mimi sikai humo. Juu na chini nimepangisha. Juu kuna familia kutoka Kongo yenye watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka na nusu. Chini mpangaji anahama mwishoni mwa mwezi ujao.

Wenzangu waliniambia sheria ya ukaguzi wa rangi yenye risasi ni ya majengo makubwa yaliyosajiliwa na jimbo, kwa hiyo sikushughulika nayo. Sasa manispaa imeniandikia kwamba tarehe ya ukaguzi wa kwanza ilishapita. Nilidhani mkaguzi atatazama kuta na kuondoka, maana nilipaka rangi nyumba nzima mwaka juzi na hakuna panapobanduka. Badala yake alifuta sakafu na madirisha kwa vitambaa vyenye unyevu, akavipeleka maabara. Majibu, kwa mikrogramu katika kila futi mraba, ni haya: sakafu ya sebule 6, dirisha la jikoni 310, dirisha la chumba cha watoto 145. Ghorofa ya juu imekataliwa na ya chini nayo itakaguliwa. Barua inataja siku 30 na faini ya hadi dola 1,000 kwa wiki.

Fundi ninayemwamini yuko tayari kupiga msasa wa mashine madirisha yote kumi na moja na kuyapaka rangi mikono miwili, kazi ya Jumamosi na Jumapili. Nimruhusu? Kuna pia wanaonishauri nisiendelee na hii familia ya juu, nitafute wapangaji wasio na watoto wadogo. Naomba mnielekeze kabla siku hazijaisha.

Mwenye Nyumba, New Jersey

*

Kaka Mwenye Nyumba,

Mwambie fundi asianze. Msasa wa mashine usio na kifuniko na kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata chembe ndogo sana, umekatazwa na kanuni za shirikisho kwenye rangi ya risasi, pamoja na kuchoma rangi kwa moto na kutumia kipulizia joto kinachozidi nyuzi 1,100 za Farenhaiti. Sababu ni nzito. Rangi iliyokaa kimya chini ya tabaka nyingine ina hatari ndogo; ukiisaga inakuwa unga usioonekana, unaotua kwenye godoro, zulia na vitu vya kuchezea vya watoto. Jumamosi na Jumapili za namna hiyo zinaweza kuigeuza 145 ya chumba cha watoto kuwa maelfu.

Sasa sheria yenyewe. Wenzako wamechanganya mambo mawili. Sheria ya New Jersey ya mwaka 2021, sura ya 182, iliyoanza kutumika tarehe 22 Julai 2022, inagusa nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1978, ziwe za familia moja, mbili au zaidi. Mwaka 1978 ndio Marekani ilipopiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Msamaha waliousikia ni wa majengo yaliyosajiliwa kwa Idara ya Masuala ya Jamii ya jimbo (DCA) kwa miaka 10 au zaidi na ambayo ukaguzi wa mwisho wa mzunguko, yaani ule unaorudiwa kila baada ya muda, haukuacha kosa la risasi. Usajili huo ni wa majengo yenye makazi matatu na kuendelea. Nyumba ya familia mbili haimo, kwa hiyo msamaha huo haukuhusu hata siku moja. Wanaosamehewa wengine ni wenye nyumba ya 1978 au baadaye, wanaopangisha kwa msimu usiofika miezi sita, na wenye cheti kwamba nyumba haina kabisa rangi ya risasi.

Ukaguzi wa kwanza ulipaswa kufanyika mpangaji anapobadilika au kufikia tarehe 22 Julai 2024, lolote litakalotangulia. Umechelewa kweli, lakini hujaharibikiwa. Siku 30 ulizopewa ni za kuagiza ukaguzi au kuanza matengenezo, na faini inahesabiwa mpaka ukaguzi ufanyike au kazi ianze. Zingatia hilo neno kuanza. Hakuna anayekutaka umalize madirisha kumi na moja ndani ya mwezi, ila unatakiwa uwe na ushahidi wa tarehe: mkataba uliosainiwa na kampuni, malipo ya awali, ratiba. Ipelekee ofisi ya manispaa nakala kwa maandishi kabla ya siku ya thelathini. Kuahidi kwa simu si ushahidi.

Kwa nini hakutazama tu akaondoka? Kuna ukaguzi wa macho na ukaguzi wa vumbi, na mwenye nyumba hachagui. Kama katika manispaa asilimia 3 au zaidi ya watoto waliopimwa, wa umri wa miaka sita kushuka, wamekutwa na risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu, vumbi lazima lipimwe. Chini ya kiwango hicho macho yanatosha. Mji wenu uko upande wa kwanza, na kwa nyumba ya 1926 tunaona ni afadhali hivyo, kwa sababu macho yangeipitisha nyumba yako huku watoto wakiendelea kulala kando ya vumbi lile.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la rangi ambayo haijabanduka. Zamani rangi ya risasi ilipendwa hasa kwa mbao: fremu za madirisha, milango, ngazi, vibaraza. Ilikuwa ngumu na ilioshwa bila kufifia. Dirisha la zamani la kupandisha na kushusha lina mbao mbili zinazosuguana kila linapofunguliwa. Rangi yako ya mwaka juzi ni ngozi nyembamba juu ya matabaka ya miongo mingi. Msuguano unaila katika miezi michache, kisha unaanza kusaga ya chini. Unga unaanguka kwenye mfereji, yaani lile bonde ambamo dirisha hukalia likifungwa, kisha upepo unausukuma hadi kwenye kizingiti cha ndani. Kizingiti kiko usawa wa mikono ya mtoto anayejifunza kusimama. Ndiyo maana jikoni kuna 310: bila shaka ndilo dirisha linalofunguliwa kuliko yote ili moshi na mvuke vitoke. Kupaka tena bila kuondoa msuguano ni kuirudisha hesabu ileile baada ya miezi sita, na mlango unaogonga fremu yake una ugonjwa huohuo.

Kuhusu namba zako: kwa miaka kadhaa viwango vya shirikisho vilikuwa 10 kwa sakafu na 100 kwa kizingiti, na kwa hivyo sakafu yako ya 6 ingepita. Oktoba 2024 Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) lilitoa kanuni inayoteremsha viwango vya kupitisha nyumba baada ya kazi hadi 5 kwa sakafu, 40 kwa kizingiti na 100 kwa mfereji, ambao kabla yake ulikuwa 400. Muulize mkaguzi anatumia ipi, lakini mwagize mwenye kampuni alenge viwango vya chini bila kujali jibu. Gharama ya kusafisha mara ya pili siku hiyohiyo ni ndogo kuliko ya kuita maabara mara mbili.

Tafuta kampuni yenye cheti cha EPA cha ukarabati salama wa risasi, kinachojulikana kwa herufi RRP. Omba kuona vyeti viwili: cha kampuni na cha msimamizi aliyesoma kozi ya saa nane, na angalia tarehe, maana vina mwisho. Kanuni hiyo, iliyoanza kutekelezwa Aprili 2010, inakugusa hata ukishika brashi mwenyewe, kwa kuwa kodi unayopokea inahesabiwa kuwa malipo. Kuna nafuu kwa matengenezo madogo, yasiyozidi futi mraba 6 kwa chumba ndani au 20 nje, lakini kubadilisha dirisha hakumo kwenye nafuu hiyo hata kama ni moja. Fundi wako kama ni mtu makini, mshauri asome kozi hiyo na kusajili kampuni yake. Kazi hizi hazitaisha New Jersey karibuni. Kwa sasa hana ruhusa.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa risasi kabisa, kazi ya mkandarasi mwenye leseni ya uondoaji kutoka DCA. Ni ghali, ila kama nyumba nzima itathibitishwa haina rangi ya risasi, unaondoka kwenye mzunguko wa ukaguzi moja kwa moja. Ya pili ni kuidhibiti hatari: rangi ya zamani inabaki ukutani ikiwa imefunikwa vizuri, na palipo na msuguano panatengenezwa. Kwa nyumba ya madirisha kumi na moja ya mbao sisi tungechagua ya pili, na pesa tungezielekeza kwenye madirisha kabla ya kitu kingine chochote. Kama mfuko unaruhusu, badilisha madirisha, kwa kuwa msuguano unaondoka pamoja nayo. Angalia tu kwamba mfereji wa zamani haukuachwa wazi nje ya dirisha jipya. Ufunikwe kwa bati la alumini na kingo zake zizibwe. Kama hauruhusu, yatolewe moja moja, kingo zinazosuguana zilowekwe na kurandwa zikiwa mbichi kwa randa ya mkono, reli za plastiki zifungwe pande zote mbili ili mbao isiguse mbao, mfereji uvikwe alumini, na kizingiti kipakwe praima na rangi ngumu inayofutika. Usikubali kuuziwa ile rangi nzito ya kufungia risasi kwa ajili ya sehemu zinazosuguana. Ni nzuri kwa ukuta uliotulia na mkavu. Dirishani inachubuka kama nyingine. Na popote penye unyevu, bomba linalovuja au paa, rekebisha maji kwanza, la sivyo plasta itavimba na kuisukuma rangi yoyote utakayoweka.

Siku ya kazi pita uone haya. Nailoni nzito imetandazwa sakafuni hadi futi 6 kutoka kwenye dirisha na kubandikwa kwa selotepu. Mlango wa chumba umezibwa kwa nailoni, na mfumo wa hewa ya joto umezimwa na matundu yake kufunikwa. Samani zimetolewa au kufungwa. Mafundi wananyunyizia maji kabla ya kukwangua, na hakuna anayetoka kwenye nailoni na viatu vyenye vumbi. Nyayo ndizo zinazopeleka risasi hadi kwenye korido ambayo haikuguswa. Takataka zinafungwa kwenye mifuko humohumo ndani, si kukokotwa kupitia sebuleni.

Usafi wa mwisho ndio unaoamua kupita au kuanguka, na ndio mafundi hukimbiza kwa sababu jua limezama. Nailoni hukunjwa kwa ndani. Kisha kifyonza vumbi cha HEPA hupita kuanzia juu ya fremu kushuka hadi sakafuni, hufuata kuosha kwa maji na sabuni, kisha HEPA tena vikishakauka. Mashine ya kawaida ya kufyonza takataka za ujenzi haifai, hata iwe na nguvu vipi, kwani chembe ndogo hupita kwenye kichujio chake na kupulizwa nyuma chumbani. Kuosha kuwe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, maji yabadilishwe kila chumba na matambara yatupwe. Wanaoanguka mara ya pili mara nyingi wamefanya kazi nzuri ya mbao, halafu wakaosha vyumba vitatu kwa maji yaleyale. Baada ya hapo ngoja saa moja au zaidi vumbi litue ndipo sampuli zichukuliwe. Achukue mkaguzi wa manispaa au mtathmini mwenye leseni wa kujitegemea, si kampuni iliyofanya kazi. Vijiti vya kupimia risasi vinavyouzwa madukani havikubaliki kwa hili, na kutobadilika rangi kwao kusikupe amani.

Sasa familia ya juu. Kuwaondoa kwa sababu ya watoto usikufikirie hata kidogo. New Jersey inamtaka mwenye nyumba ambaye hakai humo awe na sababu iliyotajwa na sheria ili kumtoa mpangaji, hata mkataba ukiisha, na kukutwa kwa risasi peke yake si mojawapo. Kumkataa mpangaji kwa kuwa ana watoto ni ubaguzi kwa sheria ya jimbo na ya shirikisho. Zaidi ya hapo, risasi itabaki dirishani ikimngoja mgeni wa Krismasi mwenye mtoto wa miezi tisa.

Fika ukawaone wewe mwenyewe na nakala ya majibu ya maabara, uwaeleze kwa Kiswahili, maana karatasi yenyewe wataiona ni namba tupu. Waombe watoto wapimwe damu wiki hii. Jimbo linataka kila mtoto apimwe akiwa na mwaka mmoja na tena wa pili, kwa hiyo mdogo huenda yumo kwenye ratiba, lakini wa miaka minne asisahaulike. Kiwango ambacho CDC, taasisi ya shirikisho ya kudhibiti magonjwa, inakitumia tangu 2021 kumtambua mtoto mwenye risasi nyingi kuliko wenzake ni mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Mtoto anaweza kuwa nacho na zaidi huku anacheza na kula vizuri; homa haipo, maumivu hayapo, na madhara ya ubongo hayarudishiki. Mwaka 2000 mtoto wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki kwa risasi huko Manchester, New Hampshire, muda mfupi baada ya kuhamia kwenye nyumba ya zamani ya kupangisha. Tangu hapo madaktari wanahimizwa kuwapima watoto wakimbizi wanapofika na kurudia baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa wengine hufika wazima na kuipata risasi hapahapa.

Daktari anaweza kuwauliza pia kuhusu wanja wa macho, viungo vilivyoletwa kwenye mizigo, na sufuria za alumini zilizofuliwa kwa vyuma chakavu, ambazo nazo zinajulikana kutoa risasi. Maswali hayo ni ya daktari na familia. Usiyatumie wewe kujitetea. 310 imetoka kwenye dirisha lako.

Mpaka kampuni ianze, wanaweza kupunguza hatari: kitanda cha mtoto kisogezwe mbali na dirisha, kipande cha chini cha dirisha kisifunguliwe bali kile cha juu, vizingiti na sakafu vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila siku mbili, kisifutwe kikavu wala kufagiwa, mikono ioshwe kabla ya kula. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, hupunguza risasi inayonyonywa tumboni. Wewe unaweza kuwaazima kifyonza vumbi cha HEPA. Haya ni ya kupisha siku tu.

Wakati wa kazi wasikae ndani ya eneo linalofanyiwa kazi, na kama jikoni, choo au njia ya kutokea vitazibwa, walale kwingine kwa gharama yako hadi majibu ya maabara yatoke safi. Wazo la kuwashusha ghorofa ya chini itakapokuwa tupu linavutia, lakini madirisha ya chini ni ya umri uleule. Utakuwa umewatoa kwenye vumbi na kuwaweka kwenye vumbi. Na kungoja hadi mwisho wa mwezi ujao ni kuwapa watoto wiki nyingine nyingi. Juu pafanyiwe kwanza.

Makaratasi tunayapitia haraka. Ukipita unapewa cheti cha usalama wa risasi kinachodumu miaka miwili. Ukaguzi unaofuata ni baada ya miaka mitatu au mpangaji akibadilika, lolote litakalotangulia, isipokuwa akibadilika cheti kikiwa bado hai, hapo hukaguliwi. Mwaka wa tatu ndio unaowanasa wengi: cheti kimekufa, mpangaji anaondoka, mwingine anaingia wiki ileile bila ukaguzi. Ambatisha nakala ya cheti kwenye mkataba wa pango, weka orodha ya wapangaji na tarehe walizoingia. Manispaa itatoza ada yake ya ukaguzi pamoja na dola 20 kwa kila makazi zinazokwenda kwenye mfuko wa jimbo wa kudhibiti risasi. Waulize hapohapo kuhusu msaada wa DCA wa kulipia matengenezo, kwani upo kwa nyumba za wapangaji wa kipato cha chini na familia ya juu huenda inastahili.

Kuna deni jingine la karatasi. Kwa sheria ya shirikisho, kila mpangaji wa nyumba ya kabla ya 1978 lazima apewe, kabla ya kusaini, kijitabu cha EPA kuhusu risasi, tamko la unachokijua na nakala za ripoti zote ulizonazo. Saini zake unazitunza miaka mitatu. Majibu ya 310 na 145 sasa ni sehemu ya unachokijua, juu na chini, na hata siku utakapoiuza nyumba.

Ghorofa ya chini usiipangishe kabla ya ukaguzi. Sheria inataka makazi ya pili yakaguliwe pale moja katika nyumba ya namna hii linapokutwa na hatari, na kuhama kwa mpangaji kungelazimisha hivyo hivyo. Mwombe mkandarasi wa juu akupe bei ya madirisha ya chini kwenye mkataba uleule, aingie siku mpangaji anapotoka. Nyumba ikiwa tupu hakuna samani za kufunga wala familia ya kuhamisha, na kuosha sakafu huchukua nusu ya muda. Mpangaji mpya aingie baada ya cheti, hata kama hiyo ina maana ya kukosa kodi ya mwezi mmoja.